Siti Inayocheza: Maneno ya Gereji na Ukweli Wake

"Siti inacheza, bosi? Tuchomelee tu, iishe." Kauli hii nimeambiwa kwenye gereji zaidi ya moja tangu siti ya dereva ya Corolla yangu ya mwaka 1998 ianze kuruka meno. Nikishika breki, nasogea mbele kidogo na siti yangu, kama mtu aliye kwenye bembea. Ni kweli ukichomelea siti haichezi tena, ila katika yote yanayosemwa kuhusu siti za magari makuukuu, hili ndilo baya kuliko mengine.

Reli ya siti, yaani chuma chenye meno ambacho siti hutelezea mbele na nyuma, si geti la nyumba. Nyingi ni za chuma kilichoimarishwa makusudi, na moto wa kuchomelea hukidhoofisha kandokando ya mshono. Kwa macho utaona pako imara. Siku ya ajali panakatika hapohapo. Halafu kwenye magari mengi kifungio cha mkanda kimeshikiliwa na siti yenyewe, hivyo reli ikiachia, mkanda nao hauna pa kushika. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 17 inataka siti na vishikizo vyake vihimili mshtuko unaofikia mara 20 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Siti ya kilo 20 inavuta boliti zake kama mzigo wa kilo 400, na hapo wewe uliyekaa juu yake hujahesabiwa. Tena wengi huchomelea siti ikiwa na sponji yake. Cheche moja ikiingia, sponji inawaka upesi na moshi wake una sumu ya sianidi.

Basi ni kununua reli nyingine? Pengine hata hiyo uliyonayo haijafa. Siti ina reli mbili, na mkono wa kusogezea hufungua lachi, yaani vifungo vinavyong'ata meno ya reli, za pande zote mbili kwa waya au fimbo. Upande mmoja usipong'ata, siti inatikisika. Nilipofungua zangu, boliti nne za spana namba 14, kwenye meno ya reli ya ndani nilikuta sarafu ya shilingi 200 na maganda ya karanga. Gharama ya matengenezo: nimebaki na faida ya shilingi 200.

Ukiona soketi ya njano chini ya siti, usiichokonoe. Hiyo ni ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka siku ya ajali) au ya baruti inayokaza mkanda wakati huohuo. Toa waya wa hasi wa betri kwanza. Toyota huelekeza kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote.

Oili chafu ya injini nayo husifiwa kuwa inalainisha reli. Inalainisha wiki moja, kisha inashika mchanga na kugeuka msasa. Sugua kwa brashi, futa, paka grisi kidogo.

Boliti usiokote yoyote inayoingia. Tazama kichwani: 8.8 au 10.9 ni alama za uimara. Isiyo na alama iache ifunge kabati.

"Imebonyea, sponji imekufa." Ipindue kwanza. Mara nyingi waya wa springi umechomoka kwenye ndoano yake, na sponji imekatwa na waya huohuo. Urudishe waya, weka kipande cha turubai kati yake na sponji, uone kama bado unahitaji sponji mpya. Na ule mkono wa plastiki uliovunjika ambao supaglu haiushiki, geuza uone kwa ndani. Ukikuta herufi PP, hiyo ni plastiki isiyopenda gundi. Huungwa kwa kuyeyushwa, au tafuta mwingine kwa wauza vipuri vya mtumba.

La mwisho linazunguka sana kwenye simu: eti vichwa vya siti vimewekewa vyuma viwili virefu ili uvunjie kioo gari likizama. Vyuma hivyo ni vya kupandishia na kushushia kichwa, basi. Kazi ya kichwa cha siti ni kuzuia shingo isipinde kwa nguvu unapogongwa kwa nyuma, na kinafaa kifike usawa wa utosi wako. Kwa hiyo fundi wa kava akivitoa vichwa hivyo kwa madai kwamba vinamziba dereva kioo cha nyuma, virudishwe mahali pake kabla hujamlipa.