Bikoni si alama ya hazina

Mjini Tabora bado wapo wanaoamini kwamba jiwe la zege la zamani lililofunikwa na majani ni alama ya mali iliyofukiwa na Wajerumani, imani inayopata nguvu, nadhani, kwa kuwa sarafu za dhahabu za rupia 15 zilitengenezwa kweli mjini humo mwaka 1916. Kwa kawaida jiwe hilo ni bikoni, yaani alama ya mpaka wa kiwanja iliyowekwa na wapima ardhi. Kutafuta bikoni iliyofukiwa, mpima ardhi huanzia kwenye nyingine inayojulikana, hufuata pembe na umbali ulioandikwa katika ramani ya upimaji, kisha huchimba taratibu mpaka jembe liguse zege lenye chuma cha kutu katikati. Bikoni iliyong'olewa, hata ikirudishwa shimoni, haiaminiki tena, kwani huenda imesogea. Na kuing'oa ni kosa kisheria.