Maharage ya mtoto yatoke chunguni, si mashineni

Mama mmoja wa Kilolo, mkoani Iringa, alinifungulia ndoo yake ya unga wa lishe. Nilichota kidogo kiganjani, nikanusa. Ile harufu ya ubichi, kama ya majani yaliyopondwa, ilinipiga puani.

"Dada, soya na maharage uliyakaanga kwanza?"

"Hapana. Nilichanganya vyote nikapeleka mashineni. Mahindi, ulezi, mchele, soya, maharage, karanga."

Uji wake huuepua mara tu unapokuwa mzito. Mwanawe ana miezi minane. Tumbo hujaa, huharisha siku mbili tatu, hutulia, kisha hurudia tena. Nyumbani wanasema ni meno.

Mkoa wa Iringa hauna njaa, ila utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa hapa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Magunia ya maharage yamejaa stoo. Kwa hiyo huwa naangalia zaidi chakula kinavyopikwa, na hali ya utumbo wa mtoto anayekipokea.

Maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana lektini, protini inayonata kwenye ukuta wa utumbo na kuuchokoza. Moto mkali huimaliza. Moto hafifu haufai kitu: maharage yaliyopata joto bila kuchemka sawasawa yanaweza kudhuru kuliko hata mabichi. Soya nayo ina kizuizi kinachouzuia mwili kumeng'enya protini, kwa hiyo unamlisha mtoto protini asiyoweza kuitumia vizuri.

Halafu utumbo wenyewe. Ndani yake kuna vinyweleo vidogo sana vinavyonyonya chakula. Mtoto anayetambaa uani na kutia mdomoni udongo wenye kinyesi cha kuku humeza vijidudu kila siku. Vinyweleo vinasinyaa, ukuta unaanza kuvuja, na hata haharishi. Kwa macho huoni kitu. Watafiti humnywesha mtoto aina mbili za sukari, kisha hupima mkojo waone kiasi gani cha kila moja kimepenya.

Wenzetu wa Malawi walifanya hivyo kwa watoto wa vijijini, wakiwapa unga wa kunde au wa maharage uliokwisha kupikwa. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, wachanga waliopewa kunde hawakurudi nyuma kwa urefu sana kama wenzao kati ya miezi sita na tisa. Kwa waliokwisha kutimiza mwaka, maharage hayakuongeza kimo, lakini uvujaji wa utumbo ulipungua. Si muujiza, lakini kwa chakula ambacho tayari kipo ndani, mimi nakichukua kwa mikono miwili. Ongeza na hili: mahindi yana upungufu wa laisini, kijenzi kimojawapo cha protini, maharage yanayo ya kutosha.

Sasa jikoni. Yule mama aliniuliza swali la haki: mkaa wa kuchemshia maharage ya mtoto peke yake atautoa wapi? Hauhitajiki. Maharage ya familia yanalowekwa usiku kucha, maji yanamwagwa (sehemu ya sukari zinazoleta gesi huondoka nayo), yanachemshwa kwa maji mapya mpaka yanapondeka kwa vidole. Kabla ya chumvi na kitunguu, toa vijiko viwili au vitatu, ponda, pitisha kwenye chujio maganda yabaki, koroga kwenye uji wa nafaka moja au mbili. Kamulia tone la chungwa ukiupoza. Madini ya chuma ya maharage hayanyonywi vizuri bila msaada. Anza na kijiko kimoja kwa siku chache, tumbo lizoee. Maziwa ya mama yanaendelea.

Karanga usizisage na zilizokunjamana au zenye ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara, na ile ilikuwa kwenye mahindi.

Ule unga wa ndooni nilimwambia watu wazima waumalize, uchemke nusu saa nzima. Mama mkwe wake alikuwa kimya muda wote akichambua mboga. Akanyanyua uso, akasema yeye wanawe wote aliwapondea maharage ya chunguni kwa mwiko, na mashine ilikuwa mbali kule. Mkwewe akacheka, akaenda kutafuta chujio.