Matundu ya HDMI Hayafanani: Dhana Potofu Kuhusu Risiva ya Sebuleni

"Risiva imekufa, haitoi picha." Kauli hii inasikika Lamu mjini, Shela na hata Mokowe, na mara nyingi risiva yenyewe, yaani chombo kinachokusanya picha na sauti za vyombo vyote, kikaendesha spika na kuipelekea TV picha, ni nzima kabisa. Kilichokosewa ni tundu la HDMI, yaani la kebo inayobeba picha na sauti pamoja.

Dhana: Tundu la HDMI ni tundu tu, chomeka popote

Hii ndiyo dhana inayowapotezea watu pesa kuliko zote. Kwa umbo, matundu yote ni mamoja, pini 19 kila moja, na kebo itaingia kokote utakakoichomeka. Kazi zake ndizo zinazotofautiana. Matundu ya kuingiza hupokea picha kutoka kwa king'amuzi, pleya au kompyuta. Tundu la kutoa, lililoandikwa MONITOR OUT au HDMI OUT, huipeleka picha kwenye TV. Ukichomeka king'amuzi kwenye MONITOR OUT, hakuna kitakachoungua na hakuna kitakachoonekana. Basi mtu anaitoa risiva kidakani, anaivusha Mokowe kwa boti, inapandishwa basi hadi Mombasa kwa fundi, kisha inarudi na giza lile lile kwa sababu haikuwa na ubovu wowote. Inaudhi, maana kusoma maandishi ya nyuma ya risiva kwa tochi ya simu ni kazi ya dakika mbili.

Fanya hivi, na usiruke hatua. Zima vyombo vyote na uchomoe umeme. Peleka kebo kutoka MONITOR OUT hadi tundu la TV lililoandikwa ARC au eARC, linaloweza pia kurudisha sauti ya TV kwenye risiva. Kwa kawaida TV huwa na moja tu la aina hiyo, na namba yake hutofautiana. King'amuzi kiende tundu la risiva lililoandikwa CBL/SAT. Washa TV kwanza na uchague tundu lile la ARC, kisha risiva, kisha king'amuzi, halafu bonyeza CBL/SAT kwenye rimoti ya risiva, si ya TV. Picha ikitoka, ndipo uongeze chombo cha pili. Anayechomeka vyombo vinne kwa mpigo hatajua kipi kinachomsumbua. Na tafadhali, bandika karatasi yenye jina kwenye ncha zote mbili za kila kebo.

Bado ni giza? Ingia kwenye menyu ya risiva, sehemu ya Input Assign (kupanga matundu), uone kama kitufe cha CBL/SAT kimeelekezwa kwenye tundu ulilotumia. Majina hayo ni vibandiko tu: king'amuzi kinaweza kukaa kwenye tundu la DVD bila shida, mradi ubonyeze DVD.

Kuna tofauti nyingine isiyoonekana kwa macho. Baadhi ya risiva za 2014 na 2015 zina HDCP 2.2, kinga dhidi ya kunakili inayotakiwa na filamu za 4K, kwenye matundu machache tu. Kisanduku cha filamu za 4K ukikichomeka kwenye tundu lisilo nayo, kitaonyesha giza au kitashuka hadi 1080p. Kitabu cha risiva hutaja matundu yanayofaa.

Stima ikikatika na kurudi ghafla, vyombo huwaka pamoja na huenda vikashindwa kutambuana. Chomoa vyote kwa dakika moja, kisha uwashe kwa utaratibu ule ule.

Dhana: Kebo ya bei kali huleta picha safi zaidi

La. King'amuzi cha 1080i hakihitaji hata robo ya gigabiti 10.2 kwa sekunde za kebo ya kawaida ya High Speed. Kwa 4K ya fremu 60 kwa sekunde yenye HDR (mwanga na rangi pana zaidi), tafuta kebo ya gigabiti 18. Kebo ikishindwa utaona vidoti vyeupe au picha itakatikakatika, rangi hazipauki. Kinachoiua kebo ni urefu. Kuta za mawe za nyumba zetu hulazimisha kebo kuzunguka mlangoni, na ikipita mita 5 hivi, 4K huanza kusumbua. Hapo nunua kebo ya HDMI ya nyuzi za mwanga (fibre optic): ncha ya SOURCE kwenye risiva, ya DISPLAY kwenye TV, na uhakikishe imeandikwa kwamba inapitisha ARC.

Dhana: Chomeka kila kitu kwenye TV, ARC itamaliza kazi

Sauti itapita kutoka TV hadi risiva, ila kwa ARC ya kawaida Dolby TrueHD, sauti isiyopunguzwa ubora ya diski za Blu-ray, haipiti, inahitaji eARC. Tena menyu ya sauti ya TV ikiwa imewekwa PCM, ambayo kwa ARC hupitisha chaneli mbili tu, spika za nyuma zitanyamaza. Badilisha iwe Bitstream.

Dhana: Waya wa njano utatoka kwenye HDMI

Waya wa njano ni ule wa picha wa AV, wa vyombo vya zamani, na risiva nyingi za sasa hazigeuzi picha yake kuwa HDMI. Picha ya waya wa njano hutoka kwa waya wa njano tu, kwa hiyo peleka waya wa njano wa pili kutoka risiva hadi TV, au ununue kigeuzi cha AV kwenda HDMI chenye umeme wa USB. Soma mshale ulio juu yake kabla ya kulipa: cha HDMI kwenda AV kinafanana nacho kabisa, na hakitakusaidia.