Mshitakiwa Aliyenyamaza: Mateso ya Mawe katika Sheria ya Zamani ya Uingereza

Tunapoeleza ukali wa sheria za zamani za Uingereza, wengi hufikiria kitanzi. Kwangu mimi, linalotisha zaidi ni lile lililompata mtu ambaye hata kesi yake haijaanza.

Enzi hizo kesi ya kosa kubwa haikuendelea mpaka mshitakiwa ajibu shitaka na akubali kuamuliwa na jopo la raia. Akinyamaza, mahakama imekwama. Sheria ya Westminster ya mwaka 1275 iliagiza mkaidi kama huyo atiwe katika kifungo kigumu, na baadaye kifungo hicho kikageuka mateso. Mfungwa alilazwa chali, mikono na miguu ikavutwa kwa kamba kuelekea pembe za chumba, kisha mawe au vyuma vikapangwa juu yake, kadiri awezavyo kustahimili na kuzidi. Siku moja alipewa vipande vitatu vya mkate wa shayiri bila maji. Siku ya pili, maji yaliyotuama karibu na gereza, bila mkate. Ikawa hivyo mpaka ajibu au afe.

Kwa nini mtu akubali kufa namna hiyo? Mara nyingi ni mali. Aliyetiwa hatiani alinyongwa na mali yake ikachukuliwa na mfalme. Aliyekufa bila kujibu hakuwa ametiwa hatiani, hivyo warithi hawakupoteza ardhi yake.

Margaret Clitherow, mke wa muuza nyama mjini York, alikuwa na sababu nyingine. Alishitakiwa kwa kuwaficha mapadri wa Kikatoliki, akakataa kujibu ili watoto wake wasilazimishwe kutoa ushahidi. Tarehe 25 Machi 1586 alilazwa juu ya jiwe lenye ncha, akafunikwa kwa mlango, na mawe yakapangwa juu ya mlango huo. Alikata roho baada ya kama robo saa. Hakuna shahidi hata mmoja aliyesikilizwa katika kesi yake.

Mateso hayo yalikomeshwa mwaka 1772, ila aliyenyamaza akahesabiwa amekwisha kutiwa hatiani, na hiyo si nafuu ya kujivunia. Mwaka 1827 ndipo Bunge lilipoamua kwamba kimya kihesabiwe kuwa ni kukana. Kanuni hiyo ndiyo inayofuatwa leo Kenya na Tanzania: ukisomewa shitaka ukakataa kujibu, hakimu anaandika kuwa umekana, na upande wa mashitaka unatakiwa ulete ushahidi wake.