Je, wajua kwa nini somo la jeni (chembe za urithi) halitoshi kumfanya mtu akubali mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa jeni maabara?

Jibu la haraka huwa kwamba watu hawajaelimishwa. Ni kweli, wengi hapa Dodoma wakisikia GMO huwaza mahindi chotara, kuku wa kisasa na matikiti yasiyo na mbegu, na hakuna GMO hapo. Chotara hupatikana kwa kuchavusha aina moja ya mahindi kwa nyingine. GMO huingizwa jeni maabara. Wazungu nao walichemka: katika kura za maoni za miaka ya 1990, wengi Ulaya hawakujua kuwa nyanya ya kawaida pia ina jeni. (Nyanya isiyo na jeni ndiyo ingekuwa maajabu.)

Lakini ukisahihisha yote hayo, msimamo wa mtu hausogei sana. Ujuzi una nafasi yake. Kinachoonekana kuwa na uzito zaidi ni kama anawaamini wanaosimamia chakula.

Chukua soko la mahindi la Kibaigwa. Mkulima hafungui mizani kukagua kilichomo ndani. Anatazama stika ya Wakala wa Vipimo, basi, anapakua gunia. Akisikia kwamba wakaguzi wanafumbia macho lumbesa, haendi kusomea ufundi wa mizani. Anaanza kushuku kila mizani, hata iliyo sahihi. Jeni ni mizani ambayo karibu sote hatuwezi kuifungua.

Uingereza, mwaka 1990, Waziri wa Kilimo John Gummer alimpa bintiye baga mbele ya kamera kuonyesha kwamba nyama ya ng'ombe ni salama, wakati watu wanahofia ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Machi 1996 serikali ikakiri kuwa kichaa cha ng'ombe huenda kimeua watu. Mwaka huohuo soya ya GMO ikaanza kuingia Ulaya kutoka Marekani. Soya haikuhusika na ng'ombe hao kwa lolote, ila wa kuithibitisha hawakuaminika tena.

Hata hivyo, baadhi ya watafiti wanasema huenda mambo yanakwenda kinyume: mtu huchukia GMO kwanza, kisha humwona msimamizi anayeiruhusu kuwa hafai.

Tena, kuiamini serikali si lazima kukupeleke kwenye GMO. Makutupora, nje kidogo ya mji, majaribio ya mahindi ya GMO yanayostahimili ukame yalianza 2016 kwa kibali cha serikali. Novemba 2018 serikali hiyohiyo ikaamuru yasitishwe. Aliyeiamini kwa dhati alitakiwa kubadili msimamo bila kusoma hata ukurasa mmoja wa baiolojia.