Petro hakumwambia mama anyamaze

Swali limerudi tena. Safari hii limekuja kwa ujumbe wa simu, saa tano usiku, baada ya semina ambayo nilidhani nimelimaliza: "Mwalimu, tumebarikiwa na somo. Ila si Petro alishasema sisi wanawake tunavuta watu pasipo neno? Kazi yetu ni mwenendo tu." Aliyeandika ni mama wa heshima, katibu wa umoja wa wanawake usharikani kwake. Nilimjibu "tutaongea, mama", maana saa tano usiku si saa ya kufafanua waraka. Sasa tuongee.

Nafundisha wanawake makanisani: semina za idara, mafundisho ya wachumba, kicheni pati nikialikwa kuwa msemaji, na ushauri kwa walio ndani ya ndoa ambao mambo yamewakalia vibaya. Kote huko hakuna andiko ninalotupiwa kama 1 Petro 3:1. Mama akinyoosha mkono kwenye kikao cha ujenzi akauliza hela ya saruji imekwenda wapi, anakumbushwa mwenendo. Binti akitaka kumweleza mwenzake wa ofisini habari za imani yake, anaambiwa "wewe ishi tu, atakuona". Na aliyekuja na jicho limevimba naye anaambiwa hilo hilo. Huyu wa mwisho nitamrudia.

Tusome kwanza. "Kadhalika ninyi wake, watiini waume zenu, kusudi, ikiwa wako wasioliamini Neno, wavutwe kwa mwenendo wa wake zao, pasipo lile neno." Petro anasema na nani? Na wake ambao waume zao hawaamini. Hasemi na wanawake wote kuhusu watu wote, na kikao cha ujenzi hakimo. Wengi wanaonitupia mstari huu waume zao ni wazee wa kanisa, wengine wanaimba besi kwaya kuu. Wavutwe waende wapi tena?

Halafu huyo mume anayetajwa amekwisha kulikataa Neno. Hakuna anayekataa asichokisikia. Maana yake ndani ya nyumba ile maneno yalishasemwa, pengine na mke mwenyewe, pengine na waliokuja kuhubiri, yakagonga ukuta. Shauri la Petro linaanzia hapo. Sisi tumelichukua shauri la mtu aliyekwisha kusema, tukampa ambaye hajafungua hata kinywa.

Hapa ndipo panaponiudhi hasa, mnivumilie. Kwenye mahubiri mengi mke yule anachorwa kama mwanamke mpole, macho chini, asiye na la kusema. Katika dola ya Kirumi mke alitazamiwa kufuata miungu ya mumewe. Plutarch, Mgiriki wa karne hiyo hiyo ya kwanza, aliwashauri maharusi kwamba mke aiabudu miungu ile tu anayoiamini mumewe na azifungie mlango dini za kigeni. Hiyo ndiyo iliyokuwa adabu ya mke. Sasa mfikirie mwanamke wa Ponto au Bithinia, pande za Uturuki ya leo ambako waraka huu ulipelekwa. Amebatizwa, mumewe hakubatizwa. Madhabahu ya nyumbani haigusi tena. Anatoka kwenda kuabudu pamoja na watu ambao mumewe hawajui, wakiwamo watumwa wa nyumba za wengine. Majirani wanasema, wakwe wanasema. Mwanamke huyo amekwisha kumkatalia mumewe jambo kubwa kuliko yote ambayo mke wa zama zile angeweza kukataa, na Petro hamwambii arudi nyuma hata hatua moja. Anamwambia tu jinsi ya kuishi na mtu yule baada ya hapo, ili aone kwamba imani mpya haikumwondolea mke adabu wala upendo. Halafu sisi tunamtoa mwanamke shupavu namna hiyo kuwa mfano wa kufunga mdomo!

Lakini onyo limo, sikatai, na sisi washauri wa ndoa tunalijua vizuri. Yupo mama anayehubiri chumbani. Mume akiingia, redio ya nyimbo za injili inaongezwa sauti. Andiko limebandikwa kwenye kioo anachonyolea ndevu, bahasha ya zaka imechomekwa kwenye mfuko wa koti, mto umepakwa mafuta ya upako. Chakula kikiletwa anaombewa kwa sauti: "Bwana uwaguse wote wanaokaidi." Mume wa hivyo havutwi popote ila baa. Mama huyu nikimpata nampa 1 Petro 3:1 asubuhi, mchana na jioni.

Tena hata mwenendo ukiwa safi kabisa, hakuna aliyeahidiwa kitu. Paulo katika 1 Wakorintho 7:16 anauliza, "Wajuaje, wewe mwanamke, kama utamwokoa mumeo?" Anauliza, na hajibu. Nimeona waume waliokuja kanisani baada ya miaka mingi ya kutazama tu. Nimeona na waliozikwa bila kuvuka mlango wa kanisa, wake zao wakiwa wanawake ambao mimi siwafikii hata kwa uvumilivu. Ukimwambia mjane wa namna hiyo kwamba labda mwenendo wake ulipungua mahali fulani, tutagombana.

Petro anamleta Sara kuwa mfano, aliyemwita Abrahamu bwana, nami hapo sijawahi kuridhika na maelezo niliyofundishwa. Katika Mwanzo 12 kumfuata mumewe kulimfikisha nyumbani kwa Farao. Katika Mwanzo 20 kulimfikisha kwa Abimeleki. Mara zote mbili ni kwa sababu Abrahamu aliogopa, akamtanguliza mkewe kwa jina la dada. Cha kuiga pale sikioni, na kwenye semina nasema hivyo hivyo. Wanaopenda kumtaja Sara wasisahau Mwanzo 21:12, Mungu akimwambia Abrahamu, "Kila akuambialo Sara, sikiliza sauti yake." Nalo ni jambo chungu, la kumfukuza Hajiri na mtoto, ambalo linanisumbua kwa namna nyingine. Ila huwezi kumsimamisha Sara kama shahidi wa ukimya.

Tena mngesogea chini kidogo tu. Sura hiyo hiyo ya 3, mstari wa 15: "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu; lakini kwa upole na kwa hofu." Hakuna mabano yanayosema wanaume peke yao.

Sokoni ninakonunua mchele yupo mama mmoja. Mnajua ujanja wa kopo: kitako kinagongwa kikaingia ndani, mnunuzi anaona limejaa hadi kilele, kumbe chini kuna shimo la hewa. Kopo la mama huyu kitako chake kimenyooka. Siku moja kijana anayebeba magunia akamwuliza mbele yangu, "Mama, wewe mbona hujaligonga? Faida utapata saa ngapi?" Mama akafuta mikono kwenye kanga akasema, "Mwanangu, nilimwahidi Yesu sitakula cha mtu. Faida ni ndogo, lakini usingizi ninao." Akaendelea kupima. Mambo yote mawili ya Petro yalikuwa pale juu ya meza ya mbao. Angenyamaza, kijana angeondoka akijua tu kwamba mama hajui biashara.

Mwenye akili ataniuliza: na Dorkasi je? Swali zuri kuliko lile la saa tano usiku. Katika Matendo 9 Dorkasi wa Yafa haandikiwi hata neno moja. Alipokufa, wajane walisimama wakilia, wakamwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea. Nakubali: wapo wanaovuta watu kwa sindano na uzi, na mtu wa hivyo nisimlazimishe kushika maiki. Kosa langu siku hizi lingekuwa kumtisha mama mkimya kwamba asiposimama kutoa ushuhuda hana faida. Ninachopinga ni kumgeuza Dorkasi kuwa sheria ya kila mwanamke, huku Prisila, aliyemfundisha mhubiri Apolo, akifichwa kabatini.

Na Abigaili wa 1 Samweli 25 akifichwa hivyo hivyo. Daudi yuko njiani na watu 400 wenye panga kuja kumaliza wanaume wa nyumba ya Nabali, mume wa Abigaili. Abigaili anapakia punda: mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha tayarishwa, bisi, zabibu kavu, mikate 200 ya tini. Andiko linasema wazi kwamba hakumwambia mumewe. Kisha anamkuta Daudi na kusema naye kirefu, mstari baada ya mstari, hadi mwanamume mwenye hasira anamshukuru Mungu kwa sababu yake. Kicheni pati ngapi mmesikia habari za Abigaili? Mimi nikimtaja, kuna mashangazi wanaanza kuangalia saa.

Si Biblia tu. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa wa Kenya, wengi wao wazee, walianza mgomo wa kula pale Uhuru Park, Nairobi, Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Polisi wakawavamia na kuwapiga. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele yao, jambo ambalo kwa mila zetu ni laana nzito. Wakahamia All Saints Cathedral, kanisa la Kianglikana lililo jirani, wakakaa humo karibu mwaka mzima wakiimba, wakiomba na kumsimulia kila aliyeingia habari za watoto wao. Mwanzoni mwa 1993 wengi wa vijana wale walikuwa wameachiwa.

Sasa yule mwenye jicho lililovimba. Hapa sina utani. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo. Kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto. Mchungaji au mama wa kanisa anayemrudisha mwanamke kwenye kipigo kwa 1 Petro 3 ajue anamrudisha kwa jina lake mwenyewe, asimsingizie Petro. Najua hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito kuliko wenyewe wanavyoijua: sura ya 2 inawaambia watumwa wavumilie mabwana wakali, na sura ya 3 inaendelea kwa "kadhalika". Ile sehemu ya watumwa inanielemea, siwezi kuifanya nyepesi. Lakini "kadhalika" ya mstari wa 7 inawageukia waume: wawape wake heshima, la sivyo maombi yao yatazuiliwa. Huo mstari sijawahi kutumiwa saa tano usiku na mwanamume yeyote.

"Basi niseme nini, Mwalimu?" ndilo swali linalofuata kila mara, na wengi wakishapewa ruhusa wanataka kusema mno. Katika 2 Wafalme 5 binti mdogo, mateka wa vita, ndiye dada wa kazi nyumbani kwa Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma. Anamwambia bibi yake sentensi mbili tu: laiti bwana angekuwa kwa nabii aliyeko Samaria, angemponya ukoma wake. Hakumsomea mtu Torati. Alijua tatizo la nyumba ile, akaonyesha mahali pa kwenda, akaendelea na kazi, na jemadari akafunga safari. (Akina mama wenye dada wa kazi nyumbani wasome sura hiyo kwa makini. Mtu anayejua dini yenu ilivyo kweli yuko jikoni kwenu.) Prisila na Akila, walipomsikia Apolo akihubiri Efeso na somo limepungua, walimchukua kwao wakamweleza kwa usahihi zaidi. Hawakumsahihisha mbele ya watu. Naye msomi yule akapokea. Wasomi wa namna ya Apolo ni wachache, kwa hiyo ukimchukua wako pembeni kwa upole akanuna, mwache anune, ila usirudi kuniuliza kama Petro alikukataza kusema.