Kwa nini mashairi ya ibada humlalamikia Mungu?

Je, wajua kwamba takriban theluthi moja ya zaburi 150 za Biblia ni maombolezo, na kwamba hakuna aina nyingine ya zaburi iliyo nyingi kuliko hiyo?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mtunzi wa shairi la ibada akianza kumlaumu Mungu, imani yake imekwisha yumba. Niliisoma Zaburi ya 13, yenye aya 6 tu, nikiharakisha kuifikia furaha ya mwishoni na kulipita swali la “hata lini”, ambalo aya mbili za mwanzo hulirudia mara nne. Niliisikia lawama, lakini sikuangalia anayeambiwa ni nani.

Mtoto aliyefungiwa nje hugonga na kulia kwa sababu anajua mzazi yumo ndani. Nyumba anayoamini ni tupu huipita kimya. Kadiri anavyougonga mlango kwa nguvu ndivyo anavyokiri kwamba yumo mtu anayepaswa kuitika. Vivyo hivyo, mwombolezaji humshitaki Mungu akiendelea kumwita “wewe”, na mwito huo wa nafsi ya pili ndio unaoyafanya malalamiko yawe sala. Wapo wataalamu wanaodhani kwamba uchungu hugeuka kuwa tumaini kwa sababu kuhani alitamka neno la faraja katikati ya ibada, ingawa maandishi ya zaburi hizo hayamtaji. Tena si kila ombolezo hugeuka: Zaburi ya 88 humalizikia gizani, na bado yote ni maneno ya kumwomba Mungu.

Mfano unaonivutia zaidi ni “The Collar”, shairi la kasisi Mwingereza George Herbert lililochapishwa mwaka 1633, baada ya kifo chake. Msemaji anapiga meza, anaapa kuondoka, wala hamwelekei Mungu. Anabishana na moyo wake mwenyewe. Mistari yake 36 haina mizani inayolingana, na vina vyake vimetawanyika mbali mbali, kiasi kwamba aliyelelewa katika utenzi na tarbia, tungo za Kiswahili zenye vina na mizani maalumu, angeliita guni, yaani shairi lisilofuata kanuni hizo, bila kusita. Katika mistari minne ya mwisho vina vinaanza kupishana kwa utaratibu. Humo anasikia sauti ikimwita “Mtoto!”, isiyojibu hoja yake hata moja, naye anaitika, kwa mara ya kwanza katika shairi zima, “Bwana wangu.”